Asili na Matumizi ya Neno "Carrier" katika Kiswahili cha Dar es Salaam

Maneno ya kigeni huingia katika Kiswahili kwa njia nyingi, wala si kila neno huingia kwa sababu lugha ilikosa jina la kitu. Neno la Kiingereza "carrier", ambalo maana yake ya kawaida ni mtu au chombo cha kuchukua mizigo, ni mfano unaofaa kuchunguzwa. Limeingia katika usemi wa Dar es Salaam mara mbili, kwa sura mbili zisizofanana: kwanza katika jina la Kariakoo, na pili katika neno keria. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi sura hizo zilivyopatikana, na kuonyesha kwamba ile ya kwanza haikupokelewa kwa upungufu wa msamiati, bali kwa sababu ya jambo lililowapata watu, ambalo maneno ya zamani hayakutosha kulitaja.

Kwa asili neno lenyewe halikuhusu kichwa wala bega la mwanadamu. Wanachuoni hulitoa katika Kifaransa cha kale cha kaskazini, na kabla ya hapo katika neno la Kilatini "carrus", yaani gari la kukokotwa. Huko Uingereza aliyeitwa kwa jina hilo zamani alikuwa mtu mwenye farasi na gari, aliyepeleka bidhaa za watu mji hata mji kwa ujira. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki farasi na ng'ombe wa kukokota waliuawa na ugonjwa uletwao na mbung'o, hata gari likawa halifai. Mahali pa mnyama na gari pakashikwa na mtu.

Kiswahili kilikuwa na majina ya mtu huyo tangu zamani. Mpagazi alikuwa mchukuzi wa misafara ya bara. Jina hilo limetoka katika kitenzi pagaa, kuchukua begani, ambacho siku hizi husikika zaidi katika kupagawa na pepo. Hamali, neno la Kiarabu, alikuwa mchukuzi wa mjini na bandarini. Mchukuzi ni jina la jumla. Baadaye likaja kuli, lililotoka Bara Hindi na kuenezwa na Waingereza, likakaa gatini. Na makuli wa Dar es Salaam walijulikana nchi nzima kwa mgomo wao wa mwaka 1947. Majina haya yote yana jambo moja la pamoja, nalo ni mapatano. Mpagazi alipatana ujira na posho kabla ya kuondoka pwani, na mzigo wake ulijulikana, yapata frasila mbili. Miongoni mwa Wanyamwezi kazi hiyo ilikuwa na heshima yake, na kijana aliyefika pwani akarudi alihesabiwa kuwa mtu mzima.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika mwaka 1914, Waingereza waliunda katika nchi ambayo sasa ni Kenya kikosi cha wachukuzi kilichoitwa "Carrier Corps", kikasimamiwa na Oscar Watkins, mtumishi wa serikali aliyekijua Kiswahili. Mwanzoni waliandikwa waliotaka. Mwaka 1915 ikatoka sheria ya kuwaandika watu kwa nguvu, na mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa kupita yote. Wajerumani nao walichukua wapagazi wao vijijini. Walioandikwa na Waingereza walihesabiwa kwa malaki, na wanahistoria wengine hufikisha hesabu yao karibu na milioni moja. Waliokufa hukadiriwa kuzidi 90,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na chakula kibaya. Mtu aliyechukuliwa hivyo hakuwa mpagazi, kwa kuwa hakupatana na mtu. Wala hakuwa askari, kwa kuwa hakupewa bunduki. Alipewa namba, akatiwa katika "Carrier Corps". Na katika vinywa vya watu jina hilo likawa jina la kikosi, la kazi, na la msiba wenyewe.

Majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Yafaa kuangalia tarehe hiyo, kwa kuwa katika mwaka huohuo kikosi kilikwisha kubadilishwa jina, kikawa katika maandishi rasmi ofisi ya kazi za kijeshi. Kwa hiyo jina la Kariakoo halikuletwa mjini na karatasi za serikali. Lililetwa na watu waliokuwa wakilitumia bado. Wachukuzi walikalishwa upande wa magharibi wa Mnazi Mmoja, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko kabla ya vita. Vita vilipokwisha jengo likawa soko kweli, nalo jina likabaki. Nairobi nako mahali pa kambi ya kikosi hicho pamebaki na jina la Kariokor.

Sauti za majina haya mawili zina mafunzo yake. Katika neno "corps" Waingereza hawatamki p wala s, kwa kuwa ni neno la Kifaransa, na katika matamshi ya kusini mwa Uingereza r nayo haisikiki. Inayobaki ni irabu ndefu. Mswahili wa Dar es Salaam aliiandika sawasawa na alivyoisikia: koo. Sura ya Nairobi imehifadhi r, dalili ya kwamba mwandishi wake aliyatazama maandishi. Mkazo nao umehama. Mwingereza huanza neno kwa kishindo, lakini Kariakoo hutamkwa kwa kanuni ya Kiswahili, mkazo ukikaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, yaani o ya kwanza. Kadhalika sarufi imelihamisha neno kutoka kwa watu kwenda kwa mahali: husemwa "Kariakoo kumejaa", wala hakuna asemaye "Kariakoo wamejaa" kwa maana ya kikosi.

Sura ya pili, keria, ilikuja na baiskeli na magari. Hapa irabu ya kwanza ya Kiingereza imepokelewa kwa e, kama katika benki, teksi na betri, hali katika Kariakoo ilipokelewa kwa a. Keria ni kile chuma cha nyuma ya baiskeli, au juu ya gari, cha kufungia mizigo. Huenda pamoja na ngeli ya vitu: keria imevunjika, keria zimefungwa. Hivyo neno moja la Kiingereza, lenye kumtaja mtu na chombo pamoja, limegawanyika katika Kiswahili. Sehemu moja imekuwa chombo, na nyingine imekuwa mtaa. Mtu mwenyewe, abebaye gunia sokoni au akokotaye mkokoteni, hakupata hata moja. Yeye angali mchukuzi, hamali, au mbeba mizigo.

Lakini Kariakoo haikukoma kukua. Jengo la kale lilivunjwa, likajengwa jipya kwa ramani ya Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Nalo likashikwa na moto Julai 2021. Jina limekuwa kipimo cha bei kwa wachuuzi wa mikoani, na mchezo wa Simba na Yanga huitwa Dabi ya Kariakoo. Katika mitaa yake mnasomeka majina ya mapigano ya mwaka 1917 huko nyuma ya Kilwa na Lindi: Narung'ombe, Tandamuti, Mahiwa. Wengi huyataja kila siku kwa kuelekezana duka.

Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, inawataja wachukuzi katika maandishi yake ya Kiingereza na Kiswahili, lakini umbo lake ni la askari mwenye bunduki. Ile ya Nairobi, ya mwaka 1928, imemweka mchukuzi miongoni mwa watu wake watatu. Makaburi ya wachukuzi wengi hayajulikani, na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakukumbukwa kwa majina yao. Basi kamusi inayoieleza Kariakoo kuwa "jina la mahali" tu imesema kweli, lakini haijatosha. Yapasa iongeze asili ya neno: kikosi cha wachukuzi wa vita vya 1914 hadi 1918. Kwa wengi wao, neno hilo ndilo andiko la pekee walilopata.