Gemu la bure, almasi za kulipia: jinsi fedha zinavyotoka kwenye simu ya nyumbani

Msikilizaji, swali hili linatufikia mara kwa mara kwenye meseji za kipindi, hasa baada ya watu kuuza mazao. Kijana anacheza Free Fire kwenye simu ya mzazi. Gemu lenyewe lilipakuliwa bure. Lakini salio la pesa kwenye simu linapungua, na ukiuliza unaambiwa ni "almasi". Almasi gani, na imechimbwa wapi?

Katika makala haya tunaeleza almasi hizo ni nini, zinauzwaje, na mzazi wa Rungwe au Kilolo anaweza kufanya nini kabla na baada ya fedha kutoka.

Magemu yenyewe

Free Fire ni la kampuni ya Garena yenye makao yake Singapore, na lilitoka mwaka 2017. Wachezaji hadi 50 wanashuka kisiwani kwa parachuti, wanatafuta silaha, na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Raundi moja huchukua kama dakika 10. Limesambaa kwetu kwa sababu linakubali simu za bei nafuu ambazo magemu mazito huzigandisha. PUBG Mobile, lililotoka 2018, linafanana nalo ila linataka simu yenye nguvu zaidi. Kwa wapenzi wa mpira kuna eFootball la kampuni ya Konami ya Japani, ambalo hadi 2021 lilijulikana kama PES.

Yote matatu hupakuliwa bure. Kampuni hupata fedha kwa kuuza vitu ndani ya gemu: nguo za mhusika, kofia, rangi za bunduki, mitindo ya kucheza dansi baada ya kushinda, na kwenye mpira, kadi za wachezaji nyota. Vijana huita mapambo hayo skini. Kwenye Free Fire hununuliwa kwa almasi, kwenye PUBG Mobile kwa UC, na kwenye eFootball kwa sarafu.

Wengi hudhani skini ni urembo mtupu. Mara nyingi ni hivyo, lakini si mara zote. Baadhi ya skini za bunduki kwenye Free Fire zimekuwa zikiongeza madhara ya risasi au kasi ya kujaza, kwa hiyo kijana anayekwambia "bila hiyo napigwa" pengine hakudanganyi. Kuna na aibu. Mchezaji aliyevaa nguo za mwanzo anaonekana mgeni, anaitwa mshamba, na wenzake hawataki awe kwenye kikosi chao. Kwa mtoto wa miaka 14 hilo linauma kuliko mtu mzima anavyofikiri, na waliotengeneza duka la gemu wanalijua.

Biashara hii ina historia fupi. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani iliuza vazi la farasi ndani ya gemu lake la Oblivion kwa dola 2.50. Watu walicheka sana. Miaka kumi na kitu baadaye, nyaraka za kesi kati ya Epic Games na Apple zilionyesha kwamba gemu la Fortnite, ambalo nalo ni la bure, liliingiza zaidi ya dola bilioni 9 katika miaka ya 2018 na 2019 pekee. Kicheko kiliisha.

Bei inafichwaje

Linganisha na banda la gemu la mtaani, pale Mwanjelwa au Ipogolo. Unatoa sarafu mkononi, unacheza mechi yako, inaisha, unaondoka au unatoa nyingine. Kila mtu anaona pesa imetoka mfukoni. Kwenye simu mambo yamepangwa usione.

Kwanza, shilingi inabadilishwa kuwa almasi. Fikiria duka la kijijini linalokataa shilingi: lazima kwanza ununue vipande vyake, kisha ndipo ununue sukari kwa vipande hivyo. Baada ya dakika tano umesahau kipande kimoja ni shilingi ngapi. Ndivyo ilivyo kwa almasi. Paketi ndogo ya almasi 100 imekuwa ikiuzwa karibu dola 1 ya Marekani, na ya almasi 310 karibu dola 3. Tuchukulie dola kuwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe rahisi. Nguo ya almasi 399 kwa macho ni namba tu, lakini kwa fedha ni kama shilingi 10,000. Tena huwezi kununua almasi 399 kamili. Utanunua paketi ya 310 na ya 100, upate 410, ubaki na 11 zisizonunua kitu cha maana. Hizo 11 zinakusubiri, na zinakufanya uone kwamba ukiongeza kidogo tu utapata kingine.

Pili kuna gurudumu la bahati. Vitu vinavyotamaniwa zaidi mara nyingi haviuzwi moja kwa moja. Unalipia kuzungusha, na unaweza kupata vazi lenyewe au takataka. Tuseme nafasi ya kupata vazi ni 1 kati ya 100 kila unapozungusha. Kijana husema: "Nikizungusha mara 100 nitalipata." Hesabu haiko hivyo. Vijana 100 wakizungusha mara 100 kila mmoja, karibu 37 kati yao watakuwa bado mikono mitupu. Na kama mzunguko mmoja ni almasi 60, mizunguko 100 ni almasi 6,000. Kwa bei ya paketi ndogo hiyo ni kama shilingi 150,000. Kwa mkulima wa mpunga wa Usangu au wa nyanya wa Ilula, hiyo ni pesa ya mbolea.

Tatu ni saa inayohesabu kurudi nyuma. "Zimebaki saa 6." Vazi likiondoka, anaambiwa huenda lisirudi. Hapo ndipo mtoto anapochukua simu usiku bila kuuliza.

Kuna na pasi ya msimu, unayolipia kisha unacheza kila siku ili kufungua zawadi. Kwa kweli hii ni nafuu kuliko gurudumu, maana angalau bei yake inajulikana.

Kama dubwi, au siyo?

Wasikilizaji wengi wanauliza gurudumu hili lina tofauti gani na mashine ya dubwi. Hapa Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kampuni za magemu hujitetea kwamba gurudumu lao halilipi fedha taslimu, linatoa picha tu. Ubelgiji haikukubali utetezi huo: mwaka 2018 tume yake ya michezo ya kubahatisha ilisema masanduku ya bahati ya kulipia ni kamari, na mwaka uliofuata kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi za gemu lake la FIFA nchini humo. Sisi tunaona Wabelgiji walikuwa sahihi. Anayezungusha hupoteza fedha halisi, hata kama anachoshinda si fedha.

Marekani nako, Desemba 2022, tume ya biashara ya nchi hiyo ilitangaza kwamba Epic Games italipa dola milioni 245 za kurudishia wateja wa Fortnite. Malalamiko yalikuwa kwamba vitufe vilipangwa kwa namna ambayo kugusa mara moja kwa bahati mbaya kulikata fedha, na watoto walinunua kwa kadi za wazazi bila wazazi kuulizwa.

Jambo moja ambalo wachache wanalijua: huduma za kidijitali za kampuni za nje zinatozwa VAT hapa nchini.

Mzazi ufanye nini

Tatizo letu la hapa ni kwamba simu moja ndiyo gemu la mtoto na ndiyo benki ya familia. Fedha za parachichi au za mbao zinaingia humo humo. Anza na namba ya siri ya pesa. Kama mtoto anaijua kwa sababu ndiye anayekusaidia kutuma, ibadilishe leo. Muamala uliofanywa kwa namba yako ya siri unahesabiwa umeufanya wewe, na kuurudisha ni kazi ngumu.

Kisha fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako juu kulia, ingia kwenye Mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi, na uchague kila ununuzi uombe neno la siri. Kama umewahi kutengeneza kadi ya mtandaoni kutoka kwenye akaunti yako ya pesa na ukaiweka kwenye Play Store, usiache fedha ndani yake.

Fedha zikishatoka kupitia Play Store, wahi. Ndani ya saa 48 unaweza kuomba kurudishiwa kupitia Google. Saa hizo zikipita, kwa kawaida utaelekezwa kwa mtengenezaji wa gemu, na huko hakuna haraka. Usitegemee meseji za miamala peke yake, maana zinafutika. Omba taarifa ya miamala kwenye mtandao wako wa simu na uangalie jina la aliyepokea.

Jina hilo mara nyingi si la kampuni ya gemu. Ni la mtu anayeuza almasi kwa WhatsApp au Instagram, unayemtumia pesa kama unavyomtumia mtu yeyote. Wapo waaminifu. Muuzaji wa kweli wa almasi za Free Fire anahitaji namba ya utambulisho ya mchezaji tu, ile inayoonekana kwenye wasifu wake ndani ya gemu. Anayetaka pasiwedi ya Facebook au ya Google anataka kuiba akaunti, na akaunti ya Google ya simu hiyo huenda ndiyo yenye picha na namba zako zote. Akishachukua pesa akakuzuia, usifute mazungumzo. Piga picha ya skrini, chukua namba ya muamala, piga simu kwa mtandao wako siku hiyo hiyo, kisha nenda kituo cha polisi. Kosa hilo linashughulikiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama kilichonunuliwa kilikuwa kofia ya kwenye simu.