Krediti Si Gredi

Katika familia nyingi za Kisumu, neno krediti lina maana mbili zisizopatana. Mtoto anayesomea diploma katika Kisumu National Polytechnic akifanya mtihani wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, na kurudi na krediti, mzazi hupiga vigelegele, kwa kuwa hapo krediti ni kiwango cha kufaulu: iko chini ya distinksheni na juu ya pasi. Ndugu yake aliye Chuo Kikuu cha Maseno, kwenye barabara ya Busia, akisema kwamba muhula huu ana krediti 21, hajasema lolote kuhusu kufaulu. Ametaja tu ukubwa wa kazi aliyojitwika. Mzazi anayesikia neno moja kutoka kwa watoto wawili ana haki ya kuchanganyikiwa, na wanafunzi wenyewe huchanganyikiwa zaidi yake, wengine hadi mwaka wa nne.

Krediti ya chuo kikuu hupima kiasi cha kujifunza. Katika vyuo vingi vya Kenya somo moja la muhula, ambalo wanafunzi huliita yuniti, hupewa saa 3 za mhadhara kwa wiki. Zidisha kwa wiki 14 za masomo, utapata saa 42, na hizo ndizo krediti 3. Yuniti saba za namna hiyo ndizo zinazofanya zile krediti 21. Saa za maabara huhesabiwa kwa punguzo: saa mbili au tatu za kushika mirija na mizani huhesabiwa sawa na saa moja ya mhadhara. Tanzania wanapima kwa njia nyingine, na kwa maoni yangu wanampima mwanafunzi kwa haki zaidi. Kwao krediti 1 ni saa 10 za kujifunza kwa jumla, zikiwamo saa za mhadhara, za maktaba, za kazi za nyumbani na za mtihani wenyewe. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360.

Gredi ni kitu kingine. Pale ufukwe wa Dunga, kopo la kupimia, yaani gorogoro, hukuambia umenunua omena kiasi gani, lakini halikuambii kama omena hizo zimekauka vizuri au zina mchanga. Krediti ni gorogoro. Ubora wa kilichomo husemwa na gredi, na katika vyuo vingi vya umma vya Kenya mizani yake inajulikana: 70 na zaidi ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, 40 hadi 49 ni D, na chini ya 40 ni E, yaani umeanguka. Kwa kawaida alama hizo hutokana na majaribio ya katikati ya muhula, zile CAT, yenye asilimia 30, na mtihani wa mwisho wenye asilimia 70.

Vipimo hivi viwili havikuzaliwa nyumba moja. Kuhesabu masomo kwa saa kulitoka Marekani. Mwanzoni mwa karne iliyopita tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 za kulipia pensheni za maprofesa, na wasimamizi wa fedha hizo wakaweka sharti: chuo kitakachotaka kunufaika lazima kidai kutoka kwa wanafunzi wanaoingia masomo ya sekondari yaliyopimwa kwa idadi maalumu ya saa. Hiyo ilikuwa 1906, mwaka uleule wamishonari wa Kianglikana wa CMS walipoanzisha Maseno School. Kutoka sekondari kipimo cha saa kilienea hadi vyuo vikuu vyenyewe. Madaraja ya digrii, ambayo alama na gredi huishia kuyajenga, kwa upande mwingine yalitoka Uingereza. Makerere, na baadaye chuo cha Nairobi, vilitoa digrii za Chuo Kikuu cha London kabla ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1963, na London ndiyo iliyotuachia daraja la kwanza, la pili la juu, la pili la chini na pasi.

Watu wa ziwa waliujua mfumo wa Marekani mapema kuliko wengi. Mwanasiasa Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, alipopanga ndege za kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani kuanzia 1959, aliwapeleka kwenye vyuo vilivyohesabu krediti. Mwaka huohuo Barack Obama Mkubwa, baba wa rais wa Marekani wa baadaye, aliyesoma Maseno School, alifika Chuo Kikuu cha Hawaii kwa njia yake mwenyewe. Kufikia 1962 alikuwa amemaliza digrii ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne. Mfumo wa krediti unaruhusu jambo hilo: mwenye nguvu hubeba masomo mengi zaidi, na digrii huiva hesabu inapotimia, hata kalenda ikisema bado. Vyuo vyetu vilichukua saa za Wamarekani lakini uhuru huo havikuuchukua. Mwanafunzi wa Kenya husonga mbele pamoja na darasa lake, mwaka kwa mwaka, na akikwama katika yuniti chache anaweza kulazimika kuurudia mwaka mzima.

Mahali ambapo krediti na gredi hukutana ni kwenye wastani, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Chukua mwanafunzi mwenye masomo matatu: kemia ya krediti 4, hisabati ya krediti 3, na stadi za mawasiliano za krediti 2. Amepata 50, 60 na 76. Akijumlisha na kugawa kwa tatu anapata 62, anafurahi, anawaambia wenzake yuko daraja la pili la juu. Lakini ofisi ya mitihani huzidisha kwanza kila alama kwa krediti zake: 200, 180 na 152, jumla 532. Ikigawa kwa krediti 9 inapata 59.1. Ameshuka hadi daraja la pili la chini, na hakuna aliyemwonea. Somo lililomwinua lilikuwa jepesi, lililomwangusha lilikuwa zito. Laiti angejua uzito wa kila somo wiki ya kwanza, angegawa usiku wake wa kusoma kwa namna nyingine. Pale ambapo yuniti zote zina saa 3, tofauti haionekani. Hujitokeza inapofika zamu ya mradi wa mwaka wa mwisho au ya mazoezi ya kazini.

Kisha kuna sapu, mtihani wa kurudia somo ulilofeli. Katika vyuo vingi, hata ukipata 75 kwenye sapu, utaandikiwa 40. Kazi yako inatambuliwa na krediti unapewa, lakini gredi inabaki D na inauvuta wastani chini hadi siku ya mahafali. Naona adhabu hii ni kali mno kwa mtu aliyejikwaa mara moja.

Linalouma zaidi ni alama zinazopotea. Matokeo ya muda hubandikwa ukutani nje ya ofisi ya idara, karatasi zikiwa zimepangwa kwa namba za usajili. Mwanafunzi hutafuta namba yake kwa kidole, kisha husoma kuelekea kulia: 61, 54, 70, halafu kistari. Kistari hicho kinasema kwamba alisoma, pengine aliufanya na mtihani, ila hakuna alama iliyofika. Bila alama hakuna krediti, na bila krediti zote jina haliingii kwenye orodha ya mahafali. Hapo huanza safari ya kumtafuta mhadhiri ambaye huenda alikuwa wa muda na sasa anafundisha mji mwingine. Vyuo visichukulie jambo hili kama usumbufu mdogo wa ofisi. Kistari kimoja cha mwaka wa pili kinaweza kumnyima kijana kazi akiwa wa mwaka wa nne.

Mambo huwa magumu zaidi mtu anapovuka mpaka, na Busia haiko mbali. Alama 60 ni B huku Maseno. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huiita B+. Makerere, kwa mizani iliyotumika huko miaka mingi, iko katika kundi la C, na chini ya 50 ni kufeli. Ndiyo maana krediti ina thamani mwanafunzi anapohama: saa zinaweza kulinganishwa hata pale gredi zinapokataa. Mei 2017, huko Dar es Salaam, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lililoko Kampala ndilo lililokabidhiwa kazi ya kuoanisha vipimo.

Kwa Kiswahili basi tuseme nini? Wapo wanaotafsiri krediti kuwa mkopo. Siafiki. Kwa mwanafunzi wa Kenya mkopo ni HELB, fedha atakazolipa baada ya kuhitimu, na ukimwambia ana mikopo 21 utamtia hofu bure. Krediti ibaki krediti, na panapohitajika ufafanuzi tuseme uzito wa somo. Alama iwe ile namba ya mtihani. Gredi iwe herufi, kama inavyotumika tangu KCSE. Daraja liwe la digrii nzima. Ile krediti ya diploma ya KNEC tuiite ufaulu mzuri, ili yule mzazi wa watoto wawili apumzike.

Wasajili wa vyuo vya ukanda huu, kuanzia Maseno hadi Bondo na Homa Bay, wanaweza kuziomba idara za Kiswahili ziandike maelezo haya katika ukurasa mmoja, uchapwe nyuma ya kila hati ya matokeo. Nawe komredi, kabla ya kusajili yuniti za muhula ujao, fungua kijitabu cha programu yako uone kila somo lina krediti ngapi, na usitupe karatasi ya CAT hata moja mpaka siku utakapovaa joho.