Damu au Nyumba? Hesabu ya Malaria Kutoka Kampala Hadi Kilifi

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari wa Oxford aliyekulia Kenya, alirudi na msafara wa Mlima Kenya akawa anapima damu za wenyeji. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa na chembe za damu ambazo zikikosa oksijeni hujikunja kama mundu, yaani selimundu. Kwenye nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Penye selimundu nyingi ndipo penye mbu wengi wa malaria. Ugonjwa wa selimundu enzi hizo uliwaua utotoni wengi waliourithi kwa baba na mama. Je, aliyerithi kwa mzazi mmoja tu alikuwa anakingwa na malaria?

Jibu alilichapisha 1954. Kati ya watoto 290 wa Kiganda wa eneo la Kampala, 43 walikuwa na chembe hizo, na 12 kati yao walikutwa na vimelea vya malaria: asilimia 28. Kati ya 247 waliobaki, waliokutwa navyo walikuwa 113: asilimia 46. Namba chache, lakini zilifungua mlango mkubwa.

Hesabu ya namna hiyo humchukua kila mtoto kama yuko peke yake. Watoto hawaishi hivyo. Ndugu wa tumbo moja wamegawana vinasaba na chumba pia. Dimbwi la nyuma ya nyumba ni lao wote. Ukiwahesabu kama watu baki, utajiona una ushahidi mwingi kuliko ulio nao.

Njia ya kutenganisha vinasaba na nyumba ilitokana na kazi ya mwanatakwimu Ronald Fisher ya 1918 kuhusu kufanana kwa ndugu. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki nusu ya vinasaba, wa baba mmoja tu robo, na watoto wa ndugu wawili wa baba na mama mmoja hushiriki thumuni. Ndugu wanaolala mbalimbali, na wasio ndugu wanaolala pamoja, ndio wanaotoa siri.

Mwaka 2005 mtafiti Margaret Mackinnon na wenzake walitumia njia hiyo wakatoa hesabu ya watoto 640 wa kaya 77 za Kilifi, pwani ya Kenya. Katika tofauti za kuugua malaria isiyo kali, vinasaba vilieleza asilimia 24, nyumba 29. Selimundu, kinga mashuhuri kuliko zote, ilieleza 2 tu. Sehemu kubwa ya urithi imo katika vinasaba vingine ambavyo Allison hakuwa na njia ya kuviona.