Leso na Chama: Habari za Wanawake wa Kariakoo

Mtu atafutaye habari za mji wa Dar es Salaam huanza kwa makaratasi: barua za watawala, ramani za wapimaji, taarifa za polisi. Makaratasi hayo yana faida, lakini wengi walioyaandika waliwaona wanawake wa Kariakoo kwa mbali tu. Wanawake wenyewe hawakuandika sana. Walichoacha ni nguo na vyama. Nia ya insha hii ni kueleza jinsi mambo hayo mawili yalivyofungamana, na kwa nini mwanahistoria hana haki ya kuyapuuza.

Na tuanze na nguo. Katika karne ya 19 nguo za watu wanyonge wa pwani zilikuwa merikani, nguo isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu za Marekani, na kaniki, iliyotiwa nili. Ndizo walizovaa watumwa. Kisha zikaja madukani leso za rangi, zimepigwa chapa kwa mfululizo katika jora moja. Habari ipokewayo na wengi yasema ya kwamba wanawake walinunua leso sita zisizokatwa, wakazigawa mapande mawili ya leso tatu tatu, wakayashona ubavu kwa ubavu, ikapatikana nguo moja pana ya kujitanda. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa, na hiyo ndiyo kanga. Hata leo watu wa Mombasa huiita leso. Utumwa ulipoondolewa na sheria Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakavaa kanga, ili kila mtu aone kwamba hawana bwana tena.

Basi twaona ya kwamba nguo hiyo ilianza kwa sindano ya mwanamke, kwa kuunga vipande. Huko Marekani wanawake hukutana kushona mfarishi wa viraka, na katika mkutano huo hupata mazungumzo, shauri na msaada. Wanawake wa pwani hawakukutana kwa ajili ya mfarishi. Walikutana kwa ajili ya ngoma. Lakini nguo ilikuwa kiungo chao vilevile.

Kariakoo ilihitaji kiungo kuliko mitaa mingine. Jina lake ni kumbukumbu ya Vita Kuu ya kwanza, kwani hapo waliwekwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Baada ya vita serikali iligawa mji mafungu matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Upande huu wa uwanja walikaa Wazaramo, Wamanyema, Wamatumbi na watu wa makabila mengine mengi. Mwanamke aliyeachwa na mumewe, au aliyefiwa, aliweza kujikuta hana ndugu wa karibu. Chama cha lelemama kilimpa ndugu.

Chama hicho kilikuwa na viongozi wake, michango yake na ada zake. Wanachama walishindana na vyama vingine kwa nyimbo na kwa uzuri wa mavazi, na siku ya ngoma wote walivaa sare. Msomaji asidhani ya kwamba sare ni pambo tu. Ili wanawake wengi wavae kanga ya namna moja siku moja, hapana budi mtu ashauriane na wenzake, fedha zikusanywe, mwekaji awe mwaminifu, na habari ifike kila nyumba. Mwenye kuyaweza hayo ameweza siasa, ingawa hajaiita kwa jina hilo.

Katika miaka ya 1950 serikali ilifungua vyama vyake vya wanawake, wakafundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Mafunzo hayo hayakuwa mabaya, ila yalimtazama mwanamke kama mtu wa ndani tu. Hayakuuliza alikuwa anajua nini tayari.

Swali hilo lilijibiwa mwaka 1955. TANU ilikuwa imeundwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba iliyokuwa New Street, mtaa uitwao Lumumba leo. John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipokuja mwaka uliofuata, aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Ndipo Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa chama cha lelemama kiitwacho Bomba, alipokabidhiwa kazi ya kuwaleta. Hakuanza kwa kuhubiri njiani. Aliwaendea viongozi wa vyama vya ngoma, nao wakawaleta wanachama wao. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi.

Wengine husema TANU iliwaamsha wanawake hawa. Kwa maoni yangu hawakuwa wamelala. Chama kipya kilikuta njia imekwisha kupasuliwa, kikapita. Na deni hilo halikulipwa vema. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoanzishwa mwaka 1962, Bibi Titi alikuwa kiongozi wake. Lakini mwaka 1969 alikamatwa, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, na mwaka 1972 akaachiliwa. Kwa miaka mingi hakutajwa sana. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara ipitayo karibu na Mnazi Mmoja ina jina lake. Wenzake wa ngoma hawana barabara.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa historia wafanye kazi moja. Kanga ikichakaa hukatwa ikawa mbeleko, kisha winda, kisha kitambaa cha kushikia sufuria; ndivyo nyaraka za wanawake hawa zinavyopotea. Waendeeni bibi zenu wakingali hai. Waombeni wafungue masanduku, na kwa kila nguo waulizeni: ilikuwa sare ya chama gani, nani aliichagua, na fedha alishika nani? Majibu yaandikwe pamoja na majina, wapendapo wenyewe, maana katika majina hayo imo nusu ya habari za uhuru wa nchi hii.