Tokeni Hupita, Filamu Hukwama: Historia Fupi ya Data Ndani ya Waya wa Stima

Leo tuweke kando kidogo mambo ya kuandika programu, tuzungumze habari za waya. Kuna swali linalorudi kila mara hapa kisiwani Mombasa: vile vidude viwili vya kupitisha intaneti kwenye nyaya za stima, kwa nini nyumba hii vinafanya kazi barabara, na nyumba ya pili, mtaa huo huo wa Makadara, vinawasha taa tu bila kupitisha kitu? Boksi ni lile lile, bei ni ile ile. Jawabu halimo ndani ya boksi. Limo katika historia ya waya wenyewe, na historia hiyo ina zaidi ya miaka mia moja.

Kwanza shida yenyewe. Makadara ni jirani ya Mji wa Kale, na nyumba za zamani za sehemu hizi zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene kwelikweli. Kwa joto letu ni neema, kwa waifai ni balaa. Rauta ikiwa sebuleni, wimbi likishavuka kuta mbili limechoka. Uani kuna banda: pengine kijana anasomea humo masomo yake ya chuo, pengine pana cherehani na mteja anayetuma mitindo kwa simu, pengine limepangishwa. Banda likiwa la mabati ndiyo basi tena, maana bati hulirudisha wimbi lilikotoka. Kebo ya TEAMS ilitua Mombasa Juni 2009 kutoka Fujairah, zaidi ya kilomita 4,000. SEACOM ikawashwa Julai mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010. Data inavuka bahari nzima, halafu inashindwa na hatua ishirini za uani!

Hapo ndipo mtu hufikiri: banda tayari lina waya wa stima, si tupitishe data humo humo? Wazo hilo si geni hata kidogo.

Mwaka 1897 Joseph Routin na C. E. L. Brown walipata hataza Uingereza ya kuwasiliana na mita ya umeme kupitia waya wa umeme wenyewe. Zingatia hilo: tangu mwanzo kabisa, aliyetaka kusema kupitia waya huu alikuwa mwenye mita. Mwaka 1910 George Owen Squier, afisa wa jeshi la Marekani, akaonyesha kwamba waya mmoja unaweza kubeba mazungumzo kadhaa kwa pamoja, kila moja likipanda wimbi lake. Mwaka 1922 ikaanzishwa Marekani kampuni ya kupeleka muziki majumbani kwa nyaya za umeme kwa kutumia mbinu zake. Redio ya hewani ikawapiku, na biashara ile ikaishia kuwa Muzak, ule muziki wa madukani na hotelini.

Huku kwetu waya ulikuwa bado unatafuta njia. Historia inayosimuliwa na Kenya Power yasema kwamba Sultani Barghash wa Unguja alikuwa na jenereta ya kuwashia kasri lake na mitaa ya karibu, na mwaka 1908 ikanunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa. Ndiyo ikazaliwa kampuni ya kwanza ya umeme kisiwani. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting, na mwaka 1983 jina likabadilika kuwa Kenya Power and Lighting. Kwa hiyo mtandao wa stima wa kisiwa hiki umeongezwa kipande kwa kipande, kizazi baada ya kizazi: chumba kikiongezwa, waya unaongezwa, uani ukijengwa banda, fundi anavuta waya kutoka soketi ya jikoni. Hakuna aliyekuwa akifikiria data.

Miaka ya 1990 ndoto ikawa kubwa zaidi. Mwaka 1997 Nortel na kampuni ya umeme ya Norweb zilitangaza teknolojia ya kupeleka intaneti majumbani kwa nyaya za stima, zikaanza majaribio mjini Manchester. Mwaka 1999 mradi ukafungwa. Moja ya matatizo lilikuwa hili: waya wa stima haukufunikwa kuzuia mawimbi, kwa hiyo ukipitishiwa data ya kasi unakuwa antena. Nyaya na nguzo za taa zikawa zinatangaza kelele kwenye masafa ya redio. Mji wa Manassas, Virginia, ulijaribu tena 2005, wenye redio za mawasiliano wakalalamika, na mwaka 2010 mji ukaachana nao.

Ndoto ya mtaa mzima ilikufa, ya nyumba moja ikabaki. Muungano wa HomePlug ulianzishwa mwaka 2000, ukatoa kanuni ya kwanza 2001 yenye kasi ya megabiti 14 kwa sekunde, kisha HomePlug AV mwaka 2005 yenye megabiti 200. Mwaka 2010 ikaja kanuni ya kimataifa ya IEEE 1901. Namba hizo ni za maabara. Kwenye soketi halisi, ukipata nusu yake shukuru.

Sasa turudi Makadara. Wengi wetu tunacho kidude kingine kinachozungumza kwenye waya bila sisi kujua. Zipo mita za tokeni ambazo mita yenyewe iko nje na kile kibodi cha kuingizia tarakimu 20 kiko ndani, kimechomekwa kwenye soketi. Namba hupita kwenye waya wa stima hadi kwenye mita. Hiyo ni hataza ya 1897 imekuja kutimia mlangoni kwako. Kwa nini tokeni hupita na filamu ikakwama? Tokeni ni namba chache, zinasafiri polepole kwa masafa ya chini, na masafa ya chini hufika mbali. HomePlug AV hutumia takriban megahezi 2 hadi 28, na masafa hayo hufifia haraka, na kila kiungo kibovu kinayala.

Ukishajua hivyo, kutafuta kosa ni kufuata historia ya waya wa nyumba yako.

Mosi, zima swichi kuu ya nyumba kubwa. Banda likibaki na stima, lina laini yake na mita yake. Nyaya za barabarani zina tatu zenye moto, ambazo mafundi huziita fezi, na nyumba hugawiwa huku na huku. Banda likiwa kwenye fezi nyingine, mawimbi huenda yakavuka kwa unyonge au yasivuke kabisa, hata ununue kidude cha bei gani. Tafadhali usijaribu kuziunganisha laini hizo mwenyewe: kati ya fezi mbili kuna volti 415, na hizo zinaua.

Pili, kama mita ni moja, chomeka vidude vyote viwili chumba kimoja. Vikionana, sogeza kimoja soketi baada ya soketi kuelekea uani. Pale kasi inapoporomoka ndipo penye kiungo cha zamani au breka inayoyadhoofisha mawimbi.

Tatu, chomeka ukutani moja kwa moja. Ekstensheni zenye kinga ya umeme na vilinda friji huchuja kelele, na kwao data yako ni kelele.

Nne, zima chaja na taa za bei rahisi moja moja. Nyingi hupiga kelele kwenye masafa yale yale.

Tano, bonyeza kitufe cha kuoanisha ili upate ufunguo wako wa siri. Vidude vingi vya aina moja hutoka kiwandani na ufunguo mmoja, na waya haujui mpaka wako na wa jirani.

Yote yakishindikana, usitupe pesa kwa jozi ya pili. Vuta kebo ya mtandao ndani ya bomba, inabeba hadi mita 100. Banda likiwa na mita yake, kebo ya nyuzi za kioo ni bora zaidi, maana kioo hakipitishi stima wala radi. Kwa hesabu ya muda mrefu ni rahisi kuliko kubahatisha, na kijana wa uani hatakatikiwa na mtihani katikati.

Haya, wasalaam. Fundi akija, muulize kwanza waya wa banda ulitoka wapi.