Mchochota wa tundu la jicho: Kwa nini ni vigumu kuutambua na kuutibu

Jicho linapovimba na kuwa jekundu, wengi hudhani ni maradhi ya kawaida ya macho. Wakati mwingine ugonjwa uko nyuma ya jicho, katika misuli, mafuta na tezi ya machozi vilivyomo ndani ya tundu la mifupa. Jicho huuma, husukumwa mbele na kushindwa kuzunguka vyema.

Sura moja, magonjwa mengi

Chanzo chaweza kuwa bakteria waliotokea pembeni mwa pua, hitilafu ya tezi ya thairoidi, kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, au saratani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi Uganda, alichapisha maelezo ya saratani ya watoto inayoshambulia taya. Nayo huweza kuingia kwenye tundu la jicho. Kuyatenganisha magonjwa haya huhitaji vipimo vya damu, picha ya CT na pengine kipande cha nyama kipelekwe maabara.

Dawa yenye pande mbili

Mchochota usio na chanzo kinachojulikana hutibiwa kwa steroidi, kama vile prednisoloni, na mara nyingi nafuu huonekana ndani ya siku chache. Lakini nafuu hiyo si ushahidi kamili, kwani hata baadhi ya saratani hunywea kwa dawa hiyo, kisha hurudi. Kukiwa na maambukizi, kifua kikuu kikiwemo, steroidi peke yake huweza kuyachochea. Dawa hiyo pia hupandisha sukari mwilini, na kuiacha ghafla ni hatari.

Umbali na uamuzi

Kwa mgonjwa wa kisiwa cha Macaloe, safari ya kumfikia mtaalamu huanza kwa chombo cha baharini, kisha barabara hadi Pemba, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado. Uasi ulioanza Oktoba 2017 na kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 viliharibu vituo vya afya mkoani humo. Hivyo mhudumu huweza kulazimika kuamua bila picha wala maabara.

Homa, uoni kufifia au jicho kushindwa kuzunguka ni dalili za dharura. Maambukizi huweza kupofusha au kufika kwenye ubongo, hivyo antibiotiki na rufaa havipaswi kusubiri. Steroidi isianzwe nyumbani bila daktari.