Hewa Ivutwayo na Sumaku

Sote tumewaona watoto wakiokota sindano kwa sumaku. Lakini je, hewa tuivutayo puani yaweza kuvutwa na sumaku? Tuliposoma habari hii mara ya kwanza, twakiri, tulidhani mpiga chapa amekosea.

Mwaka 1847 Michael Faraday wa London, mwana wa mhunzi, alizipima hewa za namna nyingi mbele ya sumaku yenye nguvu, akaona kwamba oksijeni yavutwa. Mwaka 1891 James Dewar, katika jumba lile lile la Royal Institution, aliipoza oksijeni hata ikageuka maji, akaisogeza karibu na sumaku kubwa. Maji yale ya samawati hafifu yakaruka, yakang'ang'ania ncha zake mpaka yakachemka na kwisha. Naitrojeni, iliyo sehemu kubwa ya hewa, haifanyi hivyo.

Kwa nini? Ndani ya kila atomi mna elektroni, na kila elektroni ni kama sumaku ndogo mno. Zikikaa mbili mbili, moja huelekea huku na mwenzake kule, nguvu zao zikabatilishana. Ile isiyo na mwenzi ndiyo ivutwayo.

Mwaka 1916 Gilbert Lewis wa Marekani alifundisha kwamba atomi hushikamana kwa kushiriki elektroni jozi jozi. Fundisho hilo lilieleza mengi, walakini kwa oksijeni likakwama. Maana molekuli yake ina elektroni 16, hesabu ya shufwa, na kila moja yadhaniwa kuwa na mwenzake. Robert Mulliken mwaka 1928, na John Lennard-Jones mwaka 1929, walifumbua fumbo: elektroni hukaa katika vyumba vya molekuli nzima, wala si vya atomi moja moja. Zile mbili za mwisho hukuta vyumba viwili vilivyo sawa, kila moja ikashika chake, zote zikielekea upande mmoja. Naitrojeni ina 14 tu, basi vyumba hivyo viwili ni vitupu.

Mwaka 1940 Linus Pauling alitundika kitufe cha kioo chenye vichwa viwili kwa uzi mwembamba, kati ya ncha za sumaku. Oksijeni ikizidi au ikipungua, kitufe chageuka. Kwa kipimo hicho mabaharia wa nyambizi walijua kama hewa yao yatosha, na baada ya vita wauguzi wakakitumia kupima hewa ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati.